Ndani ya gari la wagonjwa, nani mkubwa?

Katika ukurasa huu tumezoea kuandika juu ya malaria, maji ya kunywa, chanjo za watoto na lishe ya mama mjamzito. Mwezi huu tunaomba tuandike juu ya jambo ambalo si ugonjwa, wala halina dawa dukani, lakini sisi wenyewe tumeliona kwa macho yetu likikaribia kuua mtu. Nalo ni hili: ndani ya gari la wagonjwa ambalo wahudumu wake ni watu wa kujitolea, nani anatoa amri, na nani anatii?

Parokia nyingi siku hizi zina gari la kusaidia wagonjwa. Pengine ni gari kamili lenye taa nyekundu juu na machela ndani. Mara nyingi zaidi ni pikapu ya parokia iliyowekewa turubai na godoro. Dereva ni muumini aliyejitolea, mhudumu ni muuguzi asiye zamu usiku ule, au kijana aliyepata semina ya huduma ya kwanza ya Msalaba Mwekundu, na mafuta yanatoka katika mfuko wa kamati ya afya. Hakuna alipwaye. Jambo hili ni zuri, tena ni la kujivunia. Lakini lina shimo ndani yake, na shimo hilo hulioni mpaka usiku utakapotumbukia.

Tuanze na kisa chetu.

Ilikuwa wakati wa masika, miaka michache iliyopita, kabla huduma ya simu ya dharura ya akina mama haijafika mkoani kwetu. Katika kigango kimoja cha mbali mama kijana alijifungua nyumbani kwa sababu njia ilikuwa mbaya na uchungu ulikuwa wa haraka. Mtoto alilia vizuri. Kondo la nyuma likatoka. Lakini damu haikukoma. Wale akina mama waliomsaidia walibadilisha kitenge cha kwanza, cha pili, cha tatu, ndipo wakapiga simu parokiani.

Gari lilifika saa nne usiku. Ndani yake walikuwamo dereva wetu, binti mmoja muuguzi wa miaka 24, na mwenyekiti wa kamati yetu ya afya, mwalimu mstaafu, mzee ambaye hakuna mtu parokiani asiyemwamkia kwa heshima. Walipompakia mgonjwa wakaingia pia mume wake na mama mkwe wake, na mtoto amefungwa khanga. Binti alifanya kama alivyofundishwa. Alimlaza mama chali, akamfunika apate joto, akamsugua tumbo chini ya kitovu ili mfuko wa uzazi ukaze, akaomba mtoto awekwe kwenye titi. Damu ilipungua, haikukatika.

Walipofika njia panda, kushoto ilikuwa barabara ya hospitali ya wilaya, kulia ilikuwa njia ya zahanati. Mwenyekiti akamwambia dereva akate kulia, wapite zahanati kuchukua barua ya rufaa. Binti akasema kutoka nyuma, “Mzee, naomba twende moja kwa moja. Huyu mama anaishiwa.” Mzee akajibu kwa upole, “Binti yangu, utaratibu ni utaratibu. Tukifika bila barua watatuweka nje.” Binti akanyamaza. Dereva akakata kulia.

Tusimhukumu mzee wetu upesi. Alikuwa na sababu. Mwaka uliotangulia tulimpeleka mgonjwa wa ngiri bila barua, tukakaa kwenye benchi tangu asubuhi hadi adhuhuri huku tukiulizwa tumetoka wapi. Mzee hakutaka aibu ile irudie. Tena yeye ndiye aliyekuwa na fedha za dizeli mfukoni. Dereva naye alisema baadaye, “Mimi ningefanyaje? Mzee amesema.”

Kwenda zahanati, kumwamsha mganga, kuandika barua, kutafuta muhuri na kurudi njia panda kulichukua dakika 40. Walipofika hospitali, mama alikuwa hajibu tena anapoitwa. Walimkimbiza chumba cha upasuaji, wakamwongezea damu, na kabla ya alfajiri daktari akaona hakuna njia nyingine ya kukomesha damu ila kuondoa mfuko wa uzazi. Mama yu hai, tunamshukuru Mungu. Mtoto wake anasoma chekechea. Lakini mama alikuwa na miaka 22, na huyo ndiye mtoto wake wa kwanza na wa mwisho.

Ile barua hakuna aliyeiuliza. Tuliikuta asubuhi juu ya dashibodi, imekunjwa vilevile.

Daktari hakusema kwamba zile dakika 40 ndizo zilizomwondolea mama yule kizazi, wala sisi hatuwezi kusema hivyo. Lakini tunajua jambo moja ambalo kila mkunga hufundishwa: mama mwenye kutokwa na damu nyingi baada ya kujifungua, asipotibiwa, anaweza kufariki katika muda wa saa mbili hivi. Katika saa mbili, dakika 40 ni theluthi nzima. Nasi tuliitoa theluthi hiyo kwa karatasi.

Kosa ni la nani? Baada ya tukio hilo maneno yalikuwa mengi. Wengine walimlaumu mzee, wengine dereva, wengine walisema binti angepiga kelele. Sisi wa kamati, baada ya kuwaza sana, tumeona kwamba kosa lilikuwa letu sote kwa pamoja. Tulichanga fedha za matairi, tukachanga za machela, tukanunua hata tochi mbili, lakini siku hata moja hatukukaa chini tukasema: garini mkubwa ni huyu.

Mahali penye mshahara swali hili lina jibu. Anayekulipa anaweza kukuamuru, na usipotii anaweza kukufukuza. Mahali pa kujitolea hakuna mshahara, kwa hiyo watu hudhani hakuna mkubwa. La hasha. Mkubwa yupo daima, ila hujichagua mwenyewe. Huchaguliwa na umri, au na fedha aliyoshika, au na undugu alio nao na mgonjwa, au na cheo alicho nacho kanisani na serikalini. Na usiku wa shida wote hawa huwa garini kwa pamoja, kila mmoja na sauti yake. Wahenga wa pwani walisema nahodha wengi, chombo huenda mrama. Lakini chombo chetu usiku ule hakikuwa na nahodha wengi. Kilikuwa na nahodha mmoja, ila hakuwa yule aliyejua njia ya kumwokoa abiria.

Hapa ndipo maoni yetu yalipo, nayo tunayasema wazi hata kama yatawaudhi baadhi ya wazee wetu. Katika mambo ya mgonjwa, amri ni ya yule mwenye mafunzo makubwa zaidi ya tiba kati ya waliomo garini. Awe msichana wa miaka 24 au mzee wa miaka 60, awe ameolewa au hajaolewa, awe mtoto wa fulani au mgeni aliyehamia juzi. Yeye ndiye asemaye tunakwenda wapi, tunasimama au hatusimami, mgonjwa alale vipi, apewe nini au asipewe. Mwenyekiti, mfadhili, katekista, mjumbe na hata mwenye gari, wakiwa ndani ya gari lile, ni abiria.

Tunajua litakalosemwa. Litasemwa kwamba tunawafundisha vijana utovu wa adabu, na kwamba asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Methali hiyo tumelelewa nayo na tunaiheshimu. Lakini mkuu wa nini? Mzee wetu akiingia shamba la jirani yake hamwamuru jirani apande nini. Akienda kwa fundi seremala hamwambii ashike msumeno vipi, ingawa fundi ni rika la wajukuu wake. Mbona basi akiingia kwenye gari la wagonjwa ndipo anapokuwa mkuu wa damu na pumzi za watu? Heshima kwa mzee ni kumwamkia, kumpisha kiti cha mbele, na kumpokea mzigo. Kumwachia mgonjwa asiyemjua si heshima, ni kumtwisha mzee lawama ambayo hakustahili kuibeba.

Wala tusidhani kwamba jambo hili ni la watu wa vijijini tu. Tarehe 27 Machi 1977, katika uwanja wa ndege wa Los Rodeos kisiwani Tenerife, ndege mbili kubwa, moja ya KLM na moja ya Pan Am, ziligongana katika ukungu juu ya njia ya kurukia. Watu 583 walifariki. Rubani wa KLM alikuwa mkubwa sana katika kampuni yake, mwalimu wa marubani wengine. Alipoanza kuikimbiza ndege, mhandisi wake aliyekaa nyuma alisikia maneno kwenye redio, akauliza kama ile ndege nyingine imekwisha toka njiani. Rubani akajibu kwa uhakika kwamba imetoka. Mhandisi hakuuliza tena. Ajali hiyo ilikuwa na sababu nyingine pia, ukungu na maneno ya redio yasiyoeleweka vema, lakini wanaohusika na ndege waliisoma sana sehemu ile ya swali moja lililoulizwa kwa woga. Katika miaka iliyofuata mashirika ya ndege yakaanza kuwafundisha marubani kusikiliza, na wadogo wao kusema mara ya pili.

Na hospitalini je? Huko Uingereza mwaka 2005, mama mmoja alilazwa kwa upasuaji mdogo wa pua. Alipokwisha pewa dawa ya usingizi, njia ya hewa ilikataa kufunguka. Madaktari wenye uzoefu wa miaka mingi waliendelea kujaribu kumwingiza mpira kooni, dakika baada ya dakika. Muuguzi mmoja alikwenda akaleta vifaa vya kutoboa koo, akasema vipo tayari. Hakuna aliyemjali. Mwingine alikwisha omba kitanda katika chumba cha wagonjwa mahututi, kisha akakifuta kwa sababu alivyotazamwa na madaktari aliona kana kwamba amevuka mipaka. Mama yule hakuzinduka tena, na baada ya siku 13 alifariki. Mumewe alikuwa rubani. Tangu hapo amezunguka akiwaeleza waganga yale ambayo marubani walijifunza kwa maiti nyingi.

Waone basi wauguzi wale. Walijua. Walikuwa na vifaa mkononi. Na walinyamaza, kama binti yetu alivyonyamaza njia panda. Binti huyo alituambia katika kikao, akilia, kwamba si kwamba hakuwa na hakika. Alikuwa na hakika kabisa. “Ila yule ni Mzee,” alisema, “amenifundisha darasa la tatu. Ningemwambiaje mara ya pili?”

Hilo la mara ya pili tumelifanyia kazi. Tumekubaliana kwamba yeyote garini akiona hatari atasema, na asiposikilizwa atasema tena kwa maneno yaleyale kwa kila mtu: “Nina wasiwasi na mgonjwa.” Ni maneno mapesi, hayamtukani mtu. Na mkubwa wa msafara akiyasikia ni lazima ajibu, tena kwa sauti. Asikae kimya. Anaweza kukataa, maana amri ni yake, lakini hawezi kujifanya hakusikia.

Maana tusije tukatoka shimo hili tukaangukia lile. Tukimpa kijana amri halafu akavimba kichwa, tumebadilisha mtu tu, shida imebaki. Miezi kadhaa baada ya kisa chetu tulimchukua kijana wa bodaboda aliyeanguka barabarani. Hakuwa na fahamu. Binti yuleyule ndiye aliyekuwa mkubwa wa msafara, na kwa kuhofia shingo yake alimlaza chali, akamzuia kichwa kwa mikono asitikisike. Lilikuwa wazo jema. Lakini dereva, akiwa usukani, akasikia sauti. “Dada, anakoroma,” alisema. Binti akajibu kwamba shingo huenda imevunjika, asiguswe. Dereva akasema tena, “Nina wasiwasi na mgonjwa. Anakoroma.” Binti akainama akasikiliza. Mtu aliyezimia akikoroma, hajalala usingizi mzuri: ulimi unaziba njia ya hewa, au kuna damu na matapishi kooni. Akaamuru gari lisimame. Wakiwa wanne, wakishika kichwa, shingo na mwili uende pamoja kama gogo, wakamgeuza ubavu. Damu na meno mawili vikatoka mdomoni. Akavuta hewa.

Dereva hakuwa na cheti cha uuguzi. Alikuwa na masikio. Na binti hakupungukiwa na kitu kwa kumsikiliza, amri ilibaki yake, ndiye aliyesema simama na ndiye aliyesema geuza.

Kuhusu dereva tuseme pia upande wake, maana ana ufalme wake, nao ni usukani. Mwendo, breki, mto umejaa au haukujaa, tairi linafaa au halifai, hayo ni ya dereva peke yake. Muuguzi hana ruhusa ya kumwambia “kanyaga mafuta”. Tumeona jinsi watu wa nyuma wanavyomhimiza dereva wakidhani wanamsaidia mgonjwa, kumbe wanaandaa wagonjwa sita badala ya mmoja. Katika masika yaliyofuata dereva wetu alikataa kuvuka korongo lililokuwa limefurika, ingawa ndani mlikuwa na mtoto mwenye degedege na mama yake analia. Mkubwa wa msafara alimsihi, naye akasema, “Siendi.” Wakambeba mtoto kwa machela hadi daraja la miguu, na gari jingine likampokea ng’ambo. Kuna waliosema dereva ni mwoga. Sisi tulimpongeza mbele ya watu wote baada ya Misa, tukataka ijulikane kwamba neno lake juu ya barabara halina rufaa.

Sasa ndugu wa mgonjwa. Hapa ndipo penye ugumu kuliko pote, maana hao hawamo katika kamati yetu na hatuwezi kuwapangia kikao. Wanakuja na uchungu wao, na pengine na dawa yao ya mizizi ndani ya chupa. Mama mkwe anataka mgonjwa aketi ili “damu ishuke vizuri”. Mjomba anataka tupitie nyumbani kwake kwanza. Tumejifunza kwamba ndugu mmoja tu apande, wawili wakizidi, na kabla mlango haujafungwa mkubwa wa msafara ajitambulishe kwao: mimi ni fulani, ndiye ninayemhudumia mgonjwa wenu, mkiwa na neno niambieni mimi. Neno hilo dogo limezuia ugomvi mwingi. Wakati mwingine ndugu hugomba kwa sababu tu hajui amgombeze nani.

Lakini tusisahau aliye mkubwa kuliko wote hao, naye ni mgonjwa mwenyewe, kama ana akili timamu na anaweza kusema. Ni mwili wake. Mara ngapi tumemzungumza juu ya kichwa chake kana kwamba ni gunia la mahindi? Yule mama wa kigangoni, tulipomtembelea baadaye, alisema kwamba njia panda alikuwa bado anasikia kila kitu, na alitamani mtu amwulize. Hakuna aliyemwuliza.

Baba Paroko naye tulimwomba maoni, kwa sababu gari ni la parokia na ufunguo ni wake. Tulikwenda kwa hofu kidogo. Akacheka, akasema yeye hajui hata kupima presha, atakuwaje mkubwa wa wagonjwa? Akatukumbusha jambo ambalo hatukuwa tumelifikiria: kwamba mara mbili gari limewahi kusubiri nje ya nyumba ya mapadre ili mgonjwa apate Mpako Mtakatifu kabla ya safari. Alisema gari lisimsubiri tena. Padre apande garini, au awafuate kwa pikipiki, Sakramenti inaweza kutolewa njiani na hospitalini.

Jambo jingine ambalo kamati nyingi hazilifanyi ni kutoa amri mapema, wakati watu wametulia, na kuiandika. Muuguzi wa usiku asilazimike kuomba ruhusa ya jambo linalojulikana tangu mchana. Mwaka 2023 yalitangazwa matokeo ya utafiti uliofanyika katika hospitali 80 za Kenya, Nigeria, Afrika Kusini na Tanzania, juu ya akina mama wanaotokwa na damu baada ya kujifungua. Wakunga walipewa kitambaa cha plastiki chenye alama za kupimia damu, na wakafundishwa kwamba damu ikifika kipimo fulani waanze mara moja hatua zote kwa pamoja: kusugua mfuko wa uzazi, dawa za kuukaza na za kuzuia damu, dripu, na kumchunguza mama, bila kungoja hatua moja ishindwe ndipo waanze nyingine. Shida kubwa za kutokwa na damu zilipungua kwa asilimia 60 ukilinganisha na mahali walipoendelea na desturi ya zamani. Dawa hizo zilikuwapo tangu zamani. Kilichokuwa kipya ni kugundua mapema, na mkunga kujua kwamba amekwisha ruhusiwa.

Gari letu halina dawa zote hizo, wala mtu asijaribu kutoa dawa asiyofunzwa kwa kuwa tu ameitwa mkubwa wa msafara. Lakini ruhusa ya kukata kushoto njia panda haihitaji dawa. Tumeiandika. Mama anayetokwa na damu, mama mwenye kifafa cha mimba, mtoto asiyepumua vizuri, mtu asiye na fahamu, hawa hawapiti zahanati kutafuta barua. Tulikwenda hospitali tukazungumza na mganga mfawidhi na Sista anayesimamia wauguzi, wakatuambia mgonjwa wa namna hiyo hupokelewa kwanza na karatasi hufuata. Kumbe tulikuwa tukiogopa kitu ambacho tungeweza kukiuliza kwa safari moja ya mchana.

Siku hizi kuna pia namba 115, isiyotozwa fedha, ya mpango wa m-mama uliozinduliwa kwa nchi nzima mwaka 2022. Ni kwa ajili ya wajawazito, waliojifungua na watoto wachanga wenye dharura. Anayepokea simu huuliza dalili, ndiye anayeamua mgonjwa apelekwe wapi na gari gani liende, la serikali au la dereva wa jamii aliyeandikishwa. Tunasisitiza ndugu wasomaji: mkipiga namba hiyo, mkubwa wa safari amekwisha patikana, ni yule wa kwenye simu. Msipige 115 halafu mkampigia na mwenyekiti wa kijiji, na diwani, na sisi, kila mmoja akatuma gari lake. Ilitokea jirani na hapa magari mawili yakapishana njiani usiku, kila moja likimtafuta mama mmoja.

Na mlangoni pa hospitali amri ya msafara inakwisha. Mkubwa wa msafara amweleze muuguzi wa zamu mambo manne kwa kifupi: nini kimetokea, saa ngapi, ameonaje hali ya mgonjwa, amefanya nini njiani. Kisha asogee pembeni. Tumekuwa na vijana wanaotaka kumfuata mgonjwa hadi chumba cha upasuaji na kuwasahihisha madaktari. Hao nao wamesahau wapi usukani unapokabidhiwa.

Mzee wetu hakuacha kamati, ingawa alitaka. Alikuja nyumbani kwa wazazi wa binti jioni moja, akaketi, akanywa chai, wakazungumza faragha, na yaliyosemwa hatukuyauliza. Sasa kazi yake ni moja na anaifanya vizuri kuliko kijana yeyote: gari likiondoka, yeye hubaki na simu. Huita hospitali kuwaambia kinachokuja, huwatafuta watu wa kuchangia damu, huwatuliza ndugu waliobaki. Fedha za dizeli hazimo tena mfukoni mwake wala mwa mtu mwingine. Zimo ndani ya bahasha iliyofungwa, chini ya kiti cha dereva, na daftari lake. Na juu ya kioo cha mbele kuna ubao mdogo ambao mlinzi wa parokia huuandika kwa chaki kabla hajafungua geti: dereva ni fulani, mkubwa wa mgonjwa ni fulani. Bila majina hayo mawili geti halifunguliwi, hata aliyemo ndani awe nani.